Henry Aldrich, Mvuruga Nyumba Mwenye Nia Njema

Kila wiki, kwa karibu miaka 14, kipindi cha redio cha Marekani kilichoitwa The Aldrich Family kilianza kwa mama kumwita mwanawe. Alilivuta jina la Henry mpaka pumzi zikamwishia, na kijana akaitika kwamba anakuja, kwa sauti iliyoanzia chini na kupasukia juu. Maelezo mengine hayakuhitajika. Msikilizaji alijua papo hapo kwamba nyumbani kwa akina Aldrich kuna kitu kimevunjika, kimepotea au kimeahidiwa kwa mtu ambaye hakupaswa kuahidiwa, na kwamba nusu saa itakayofuata itatumika kuzidisha hasara kabla ya kuitengeneza. Mwito huo na jibu lake vilitoka redioni vikaingia mitaani, watu wakawa wanaitana hivyo kwa utani.

Kipindi kilisikika kwa mara ya kwanza kupitia shirika la NBC tarehe 2 Julai 1939, kikafungwa 1953. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 kilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyosikilizwa zaidi Marekani, nchi ambayo wakati huo zaidi ya asilimia 80 ya kaya zake zilikuwa na redio. Kilizaa filamu kadhaa na mchezo wa televisheni. Yote hayo yalibebwa na kijana wa miaka kumi na sita hivi, mtoto wa wakili katika mji mdogo wa kubuni uitwao Centerville, ambaye hakuwa mtundu wala mkorofi. Shida ya Henry Aldrich ilikuwa wema. Takriban kila balaa aliloliingiza nyumbani lilianza na jambo zuri alilotaka kumfanyia mtu, na kwa kuwa hakuna mzazi awezaye kumchapa mtoto kwa kosa la kutaka kusaidia, baba yake alibaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Aliyemtunga Henry ni Clifford Goldsmith, mzaliwa wa East Aurora katika jimbo la New York, aliyezaliwa 1899. Kabla ya kupata jina alijipatia riziki kwa kuzunguka shule za sekondari akiwahutubia wanafunzi juu ya afya na lishe. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, kusimama mbele ya ukumbi wa vijana ambao hawakuja kwa hiari yao. Lakini ilimpitisha katika shule nyingi na kumweka karibu na vijana kuliko waandishi wengi wa tamthilia wa New York, ambao kijana kwao alikuwa ama mtoto wa kupendeza ama mhalifu wa kesho.

Matunda ya mizunguko hiyo ni tamthilia yenye jina la What a Life, iliyoandaliwa na George Abbott na kufunguliwa Broadway tarehe 13 Aprili 1938. Matukio yake hutokea katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mahali ambapo Henry hupelekwa kila kukicha. Amefeli masomo, anadhaniwa ameiba vyombo vya bendi ya shule, na nyumbani anatarajiwa kufuata nyayo za baba aliyefanya vizuri chuoni, wakati yeye anachokiweza ni kuchora. Ukiisoma tamthilia hiyo unakuta uchungu ambao redio iliuondoa baadaye: mtoto anayelinganishwa na baba yake na kukutwa pungufu. Ilichezwa mara 538, idadi kubwa kwa mchezo juu ya watoto wa shule.

Aliyemwigiza Henry jukwaani alikuwa Ezra Stone, kijana wa miaka 20 kutoka New Bedford, Massachusetts, ambaye pia alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya Abbott. Mwimbaji Rudy Vallée alipouona mchezo huo alimwomba Goldsmith aandike vipande vifupi vya kipindi chake cha redio juu ya familia ya Henry. Vipande hivyo vikapokewa vizuri. Kisha Henry akahamia katika kipindi cha mwimbaji Kate Smith, akakaa humo msimu wa 1938 hadi 1939. Kiangazi kilipofika, Jack Benny, mchekeshaji mkubwa kuliko wote wa redio ya siku zile, akaenda mapumziko kama ilivyokuwa desturi, na nafasi yake ya Jumapili jioni ikapewa akina Aldrich. Ilikuwa nafasi ya kushikilia tu hadi mwenyewe arudi. Benny aliporudi, akina Aldrich walitafutiwa siku yao wenyewe.

Kuna kichekesho kidogo katika safari hiyo. Kipindi cha Vallée kilidhaminiwa na kampuni iliyouza unga wa jeli wa chapa ya Royal, ilhali kile cha Benny, na baada yake cha akina Aldrich, kilikuwa cha mshindani wake mkuu, Jell-O. Henry basi alianza maisha yake ya redio akiuza jeli ya adui, jambo ambalo yeye mwenyewe angelifanya bila kukusudia.

Nyumba ya akina Aldrich ilikuwa na watu wanne. Baba, Sam Aldrich, ni wakili mwenye busara na subira inayopimwa kila wiki. Mama, Alice, ndiye anayeendesha nyumba. Dada, Mary, anaona aibu kwa sababu ya mdogo wake. Nje ya nyumba yupo Homer Brown, rafiki wa Henry wa kufa na kuzikana, ambaye uwezo wake wa kuharibu jambo ulikuwa sawa na wa Henry, ila yeye alikuwa na sauti nyembamba ya puani na hofu zaidi. Wawili hao walipokutana, kosa moja liligeuka matatu.

Ustadi wa Goldsmith ulikuwa katika ujenzi wa hadithi, na hapo ndipo kipindi hiki kinapostahili kuangaliwa kwa makini kuliko umaarufu wake. Kila hadithi ilianza na jambo dogo kiasi cha aibu. Hapakuwa na mauaji, talaka wala urithi. Palikuwa na koti, baiskeli, tikiti ya dansi, ahadi ya kukata majani ya bustani. Tuseme, kwa mfano wa kutunga, baba anampa Henry koti lake alipeleke kwa dobi kabla ya saa kumi. Njiani Henry anakutana na Homer, ambaye jioni hiyo ana miadi na msichana na hana nguo ya heshima. Dobi hafungi mpaka saa kumi na mbili. Kuna ubaya gani Homer akilivaa koti kwa saa moja? Hakuna, isipokuwa kwamba ndani ya mfuko kuna hati ya kesi ambayo baba anaihitaji sasa hivi. Henry anapiga simu kwa Homer. Homer ametoka, na mama yake Homer anasikia kwamba koti la Bwana Aldrich "limechukuliwa". Anampigia mama yake Henry kumpa pole. Mama yake Henry anadhani nyumba imeingiwa na wezi, anawapigia polisi. Polisi wanamkamata Homer njiani akiwa ndani ya koti la kuibiwa. Henry, ili kumwokoa rafiki yake, anakwenda kituoni kueleza kwamba koti si la wizi kwa kuwa ni yeye aliyelichukua. Kufikia hapo sentensi moja tu ingeweza kumaliza kila kitu, na sentensi hiyo ndiyo ambayo hakuna anayempa Henry nafasi ya kuimaliza.

Sababu ya kutopewa nafasi hiyo ni sehemu ya ucheshi. Henry akiulizwa swali hujibu kuanzia mwanzo, na mwanzo wake uko mbali. Akiulizwa koti liko wapi, anaanza kueleza kwamba Jumanne iliyopita, shuleni, wakati wa mapumziko, Homer alikuwa amesimama karibu na kabati lake. Baba yake ni wakili. Amezoea mahakama, na anataka jibu la ndiyo au hapana. Mwana anataka kusema kweli yote, baba anataka ukweli mmoja. Ni mahojiano ya shahidi na wakili yanayofanyika mezani wakati wa chakula, na kila anayesikiliza anaona kwamba wote wawili wana haki. Waandishi wengi wa vichekesho vya familia huchagua upande: ama baba ni mjinga, ama mtoto. Goldsmith alikataa kuchagua. Watu wa Centerville wote wana akili za kutosha. Kinachokosekana ni habari moja ambayo kila mmoja ameisikia nusu.

Simu ilikuwa mhusika wa tano wa nyumba ile. Katika mji mdogo wa Marekani wa miaka ile nyumba yenye simu ilikuwa na simu moja, mara nyingi ikiwa ukumbini ambapo kila mtu alisikia, na kaya kadhaa ziliweza kutumia waya mmoja. Kwa mtunzi wa redio hicho kilikuwa chombo cha ajabu. Mtu anayezungumza kwa simu haoni uso wa mwenzake, wala msikilizaji wa redio haoni uso wa yeyote, kwa hiyo msikilizaji yuko katika hali ileile aliyomo mhusika. Anasikia upande mmoja wa mazungumzo na kujaza mwingine kwa kichwa chake, kama Alice Aldrich anavyojaza, isipokuwa yeye amekwisha kusikia yaliyotokea kabla na anajua kwamba Alice anajaza vibaya. Kicheko kinatoka kwenye pengo hilo. Ndiyo maana hadithi ya Henry Aldrich ikisimuliwa kwa maandishi huonekana nyepesi, na ikioneshwa kwa picha hupoteza nusu ya nguvu yake: ilitungwa kwa ajili ya sikio, juu ya watu ambao wote wanategemea masikio.

Utendaji wa studio ulikuwa na mashaka yake. Kipindi kilirushwa kutoka New York moja kwa moja, bila kurekodiwa kwanza, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini na kucheka kwa sauti zilizosikika hewani. Waigizaji walisimama mbele ya maikrofoni wakiwa na kurasa mkononi, wakizishusha polepole ili karatasi isisikike. Pembeni alikuwapo fundi wa milio na zana zake: mlango mdogo uliofungwa kwenye fremu, kengele ya simu, ngazi fupi za kupanda na kushuka kwa miguu. Katika nyumba ya Aldrich ngazi zilikuwa na kazi nyingi, kwa sababu Henry alipoitwa alikuwa juu, na ujio wake ulisikika kabla hajasema neno. Desturi ya vipindi vikubwa vya New York siku zile ilikuwa pia kuchezwa mara mbili usiku mmoja, kwanza kwa ajili ya mashariki ya nchi na saa kadhaa baadaye kwa ajili ya pwani ya magharibi, ambako saa zilikuwa nyuma. Kosa la mara ya kwanza liliweza kusahihishwa mara ya pili, na mzaha uliochekesha mara ya kwanza uliweza kufa mara ya pili bila sababu inayojulikana.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na sauti ya Ezra Stone. Kipindi kilipoanza alikuwa na miaka 21, mtu mzima kwa kila hali, lakini aliweza kuigiza sauti ya kijana anayebalehe kwa namna ambayo ilidanganya nchi nzima. Sauti ya balehe haina utaratibu. Inakatika mahali pasipotarajiwa, inapanda kwenye neno dogo na kushuka kwenye neno kubwa. Stone alifanya mkatiko huo uwe alama ya hali ya moyo. Henry akiwa na hakika na jambo, sauti ilikaa chini. Akianza kutambua kwamba hakika yake haina msingi, ikaanza kupanda, na msikilizaji aliyafahamu maafa kabla Henry hajayafahamu. Kando yake alisimama Jackie Kelk, aliyekuwa Homer kwa miaka mingi, na ambaye wakati mwingine wa wiki alikuwa Jimmy Olsen, ripota kijana katika kipindi cha redio cha Superman. Baba alikuwa House Jameson, mwigizaji mwenye sauti nzito yenye utulivu, na mama alikuwa Katharine Raht kwa sehemu kubwa ya maisha ya kipindi. Mary alibadilishwa mara nyingi zaidi, na ni haki kusema kwamba hata waandishi hawakujua sana la kumfanya. Dada alikuwepo ili aone aibu, basi.

Biashara haikujificha. Mdhamini alikuwa General Foods, na kwa miaka mingi bidhaa iliyotangazwa ilikuwa Jell-O, unga wa jeli ya kuchanganywa na maji ya moto na kuachwa ugande, ambao wimbo wake wa tangazo ulitaja herufi za jina moja baada ya nyingine. Siku zile mdhamini hakununua dakika mbili tatu za matangazo. Alikimiliki kipindi kizima, akawa na sauti katika uchaguzi wa waigizaji na hata katika maneno yao. Jambo hilo litarudi kwa ubaya mwaka 1950. Kwa wakati huo lilimletea Goldsmith neema, kwani alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri kuliko wote katika redio ya Marekani.

Kwa nini kijana wa shule ya sekondari, na kwa nini wakati ule? Vichekesho vya kijana asiyejua afanyalo havikuanza na Goldsmith. Booth Tarkington aliandika Penrod mwaka 1914 na Seventeen mwaka 1916, vitabu viwili ambavyo vizazi vya Wamarekani vilikulia navyo. Kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa na mfululizo wake wa Andy Hardy, ulioanza 1937, Mickey Rooney akiwa mtoto wa hakimu wa mji mdogo. Kilichobadilika ni idadi ya vijana waliokuwa shuleni. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja tu kati ya kumi, na hata pungufu ya hapo, alimaliza shule ya sekondari. Kufikia 1940 nusu yao walimaliza. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliondoa kazi ambazo watoto wa miaka kumi na mitano walikuwa wakizifanya, na sheria ya kazi ya 1938, mwaka uleule wa What a Life, iliweka mipaka ya ajira ya watoto. Vijana walioondolewa viwandani na mashambani walijazana shuleni, wakawa kundi lenye muda, lenye mavazi yake, miziki yake, na misukosuko yake ambayo wazazi waliokuwa wamefanya kazi wakiwa na umri huo hawakuielewa. Henry ni mtoto wa kundi hilo. Hana kazi. Ana posho ndogo isiyotosha, ana redio, ana dansi ya Ijumaa, na ana muda wa kutosha kufanya makosa.

Centerville pia ilikuwa na mipaka yake, ambayo wasikilizaji wa baadaye wanaiona haraka kuliko wa wakati ule. Ni mji wa Wazungu wa tabaka la kati, ambamo baba huenda ofisini, mama hubaki nyumbani, na umaskini hauonekani hata kwa mbali, ingawa kipindi kilianza wakati nchi bado haijatoka katika mdororo. Kazi ya kipindi ilikuwa kumpa raha mtu aliyechoka, na raha hiyo ilitegemea kuamini kwamba balaa kubwa kuliko zote ni koti lililopotea. Usikilizapo vipindi vitatu mfululizo unachoka nawe, kwa sababu mtambo unaanza kuonekana: ahadi, simu, simu nyingine, mlango kugongwa. Havikutungwa visikilizwe hivyo. Vilitungwa visikilizwe kimoja kwa wiki, familia ikiwa imeketi pamoja.

Vita Kuu ya Pili ilimtenganisha Henry na sauti yake. Stone aliitwa jeshini, na humo akaongoza maonesho ya This Is the Army, mchezo wa muziki wa Irving Berlin uliochezwa na askari wenyewe na kufunguliwa Broadway mwaka 1942. Nafasi yake redioni ilichukuliwa na Norman Tokar, na baadaye na Raymond Ives na Dickie Jones. Jones ndiye aliyekuwa sauti ya Pinocchio katika filamu ya Walt Disney ya 1940, na tofauti na Stone alikuwa kweli katika umri wa Henry. Umri halisi haukusaidia kama mtu angedhani. Kijana wa kweli hana habari kwamba sauti yake inachekesha. Mtu mzima anayeiigiza anajua ni wapi pa kuikata. Stone alirudi vita vilipokwisha mwaka 1945 na kuendelea kuwa mtoto wa shule akiwa na umri wa kuwa baba. Kati ya 1944 na 1946 kipindi kilihamia shirika la CBS, kisha kikarudi NBC, bila wasikilizaji kupoteza chochote isipokuwa mazoea ya saa.

Sinema nayo ilijaribu bahati. Kampuni ya Paramount ilinunua What a Life na kuitoa kama filamu mwaka 1939, maandishi yakiwa ya Charles Brackett na Billy Wilder, jozi ambayo miaka michache baadaye ingekuwa kati ya waandishi wakubwa wa Hollywood. Jackie Cooper, aliyekuwa nyota tangu utotoni, alimcheza Henry hapo na katika filamu iliyofuata. Kisha kampuni ikamchukua Jimmy Lydon, ikatengeneza naye filamu tisa kati ya 1941 na 1944, kuanzia Henry Aldrich for President. Zilikuwa filamu za bei nafuu, za kujaza nusu ya kwanza ya onesho, na nia yake ilionekana wazi: Paramount ilitaka Andy Hardy wake. Lydon alikuwa mrefu mwembamba, mwenye mikono isiyojua pa kukaa, na filamu zikageuza makosa ya kusikia kuwa makosa ya kujikwaa. Henry wa redio alivuruga mambo kwa kuelezea. Henry wa sinema alianguka kwenye ngazi. Watoto walizipenda.

Televisheni ilifika 1949. NBC ilianza kuonesha The Aldrich Family tarehe 2 Oktoba mwaka huo, huku redio ikiendelea, na hadi 1953 waigizaji watano walipishana katika nafasi ya Henry. Hilo peke yake linaeleza ugumu. Redioni Stone aliweza kuwa na miaka 30 na ushei, hakuna aliyejua. Mbele ya kamera kijana anakua kila msimu, nguo zinambana, na baada ya miaka miwili hafai tena. House Jameson peke yake ndiye aliyebaki baba katika vyombo vyote viwili, kana kwamba wana wanapita tu.

Jambo linalofanya mchezo huo wa televisheni utajwe hadi leo katika historia ya utangazaji wa Marekani halihusu vichekesho. Kwa msimu wa 1950 nafasi ya mama Aldrich ilipewa Jean Muir, mwigizaji aliyewahi kuwa na mkataba na Warner Bros. na kucheza Helena katika filamu ya A Midsummer Night's Dream ya 1935. Mwezi Juni mwaka ule kulikuwa kumetoka kijitabu kiitwacho Red Channels, kilichoorodhesha watu 151 wa redio, televisheni na sanaa na kudai kwamba wana mahusiano na ukomunisti. Jina la Muir lilikuwamo. Kipindi cha kwanza kilikuwa kioneshwe tarehe 27 Agosti. Simu za malalamiko zilipigwa, wala hazikuwa nyingi, lakini mdhamini aliogopa. General Foods iliahirisha kipindi, ikamwondoa Muir, na kueleza kwamba haikuwa ikimhukumu kuwa na hatia yoyote. Ilikuwa tu haitaki mtu mwenye utata katika matangazo yake. Muir alikana kuwa mkomunisti. Alilipwa kulingana na mkataba, kisha akakaa miaka kadhaa bila kazi ya televisheni.

Kuondolewa kwake kulikuwa kwa kwanza kujulikana hadharani kutokana na kijitabu kile, na kulitoa kielelezo kwa wengine. Wadhamini walijifunza kwamba njia rahisi ni kupitia majina kimyakimya kabla ya kuajiri, ili pasiwe na habari ya kuandikwa magazetini. Ni ajabu kwamba mlango huo ulifunguliwa katika nyumba ya akina Aldrich, ambamo kila wiki msikilizaji alioneshwa jinsi habari ya kusikia nusu inavyoweza kumtia mtu asiye na kosa matatani. Tofauti ni kwamba Centerville baba wakili alihoji mashahidi kabla ya kutoa hukumu.

Kufikia 1953 redio ya usiku ilikuwa imepoteza wasikilizaji wake kwa televisheni, na kipindi kilifungwa katika vyombo vyote viwili mwaka huohuo. Bobby Ellis ndiye aliyemaliza, akiwa Henry wa redio na wa televisheni. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kutawanyika. A Date with Judy na Meet Corliss Archer, vipindi viwili vya redio vya miaka ya 1940, vilichukua kanuni ileile na kumweka msichana mahali pa mvulana. Katuni za Archie Andrews, zilizoanza kuchapishwa mwishoni mwa 1941, zilikuwa na kijana wa shule, mji mdogo na rafiki wa karibu mwenye matatizo, na hazikuhitaji kueleza chochote kwa wasomaji ambao tayari walikuwa wakisikiliza habari za namna hiyo kila wiki.

Waliokuwa Henry waligawanyika. Baadhi walitoweka katika umaarufu wa siku moja. Wawili walihamia nyuma ya kamera, na huko waliendelea na kazi waliyokuwa wameizoea mbele ya maikrofoni. Norman Tokar aliongoza vipindi vingi vya Leave It to Beaver, mchezo wa televisheni juu ya mtoto mdogo ambaye nia yake njema humtia katika shida na baba mpole anayetaka kujua hasa ilikuwaje, kisha akaongoza filamu za familia za Disney. Ezra Stone, kabla ya kufariki katika ajali ya gari mwaka 1994, aliongoza vipindi vingi vya The Munsters, ambamo familia ni ya majinamizi, nyumba ina utando wa buibui, na bado kuna baba, mama, mtoto, na jambo dogo lililoharibika asubuhi.